Mkono wa Mama Niliouogopa

Harufu ya rangi ya kucha hunifukuza hadi leo. Nikipita mbele ya saluni za Arua na kuwaona wenzangu wamenyoosha vidole wapambwe, mimi huongeza mwendo kama mtu anayedaiwa. Msinicheke. Hiyo ilikuwa harufu ya mama yangu kabla hajaondoka kijijini kwetu Lobule, na baadaye nikafundishwa kuiogopa.

Wazazi wangu waliachana nikiwa bado darasa la chini. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, hilo halina mjadala, basi mama akarudi kwao Awindiri, mjini Arua, bila mimi. Baba alikuwa mtu wa malori, leo Yei, kesho Juba, kwa hiyo nikaachwa kwa dada yake, Shangazi Kiden. Shangazi hakujaliwa mtoto. Alinipenda, na nisimsingizie, alinipenda mpaka hakutaka nipendwe na mtu mwingine.

Mama alipokwenda kwa afisa wa ustawi wa watoto Koboko kuomba awe ananiona, shangazi aliniketisha jikoni huku akichambua mtama.

"Keji, mama yako atakuja na chakula. Wewe hapana kula. Huyo mutu iko na sumu."

Mjue kwamba kwetu sumu si hadithi ya kutishia watoto. Mtu akifa ghafla baada ya sherehe, watu huulizana alikula kwa nani. Ndiyo maana anayekupa chakula au pombe sharti aonje kwanza mbele ya macho yako. Nikamwambia shangazi kwamba basi mama ataonja. Akatikisa kichwa.

"Ataonja, ndiyo. Lakini sumu iko ndani ya kucha. Yeye naonja huku, naweka huku."

Basi kila Jumamosi shangazi alinipakia kwenye baiskeli hadi Koboko, kwenye baraza ya ofisi ya yule afisa, mwanamke mwenye sauti ya taratibu tuliyemwita Madamu. Mama alikuwa ameshatoka Arua alfajiri na bakuli la kuku lililofungwa kwa kitambaa. Alifungua, akaonja, akanisogezea. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kucha zake nyekundu.

"Mimi nimeshiba," nikasema, na mate yakinijaa mdomoni.

Sijui nani alimpa habari. Jumamosi iliyofuata kucha hazikuwa na rangi tena, alikuwa amezikata hadi kwenye nyama, na kidole gumba kilikuwa na kidonda kibichi. Sikula vilevile. Mtoto aliyejazwa hofu hakosi sababu: nilijiambia kwamba safari hii ameificha mahali pengine.

Mwishowe Madamu akasema mbele yetu sote, bila kuficha, "Mimi siwezi kulazimisha mtoto. Kama yeye nakataa tu mpaka mwezi nakwisha, nitaambia koti hivyo."

Nilielewa maana yake, kwamba mahakama ingesikia hivyo na mama asingekuja tena. Nilidhani nimefurahi. Lakini njiani, nyuma ya baiskeli, nililia, na shangazi aliponiuliza nikamwambia vumbi limeniingia machoni.

Mara ya mwisho ilipofika, mama alikuja bila bakuli. Akanipa noti moja. "Enda sokoni na shangazi. Nunua kila kitu wewe mwenyewe. Leo wewe napikia mimi."

Shangazi alikunja uso, lakini alikuwa mwanamke ambaye hawezi kuona kitu kibaya kikinunuliwa akanyamaza. Alichagua majani ya kunde kwa mkono wake, akabishana bei ya mihogo mpaka muuzaji akachoka. Madamu akatuazima sigiri yake, jiko la makaa la kuchemshia chai. Nikapika, na kwa kuwa nilitaka kuonekana mjuzi nikatia magadi mengi, kunde zikawa za kuteleza zenye harufu ya sabuni. Nikamwekea mama.

Hakuniambia nionje. Alimega muhogo, akachota, akala, shangazi akitazama kutoka kwenye ngazi.

"Chumvi iko sawa," akasema. "Magadi tu ndiyo iko mingi."

Akachota tena. Nilicheka kabla sijajizuia, na mkono wangu ukaingia kwenye sahani ileile.

Tangu siku hiyo nikawa wa Lobule wakati wa shule na wa Awindiri wakati wa likizo. Shangazi aliisukuma baiskeli jioni ile badala ya kuipanda. Nilimhurumia, na hata leo namhurumia.

Miaka ilipita ndipo nikajua kwamba wazo lile halikuwa la mama. Kanisani kwao Awindiri walikuwa wakikutana wazazi waliokataliwa na watoto wao, wanafarijiana na kushauriana. Mzee mmoja, ambaye wanawe walikuwa wakimkatia simu, ndiye aliyemwambia, "Acha kumpelekea chakula. Yeye akupikie." Mzee huyo wanawe hawakurudi.

Na nilipokuwa na mwanangu mwenyewe ndipo nilipoona jambo la pili. Mama naye alikulia katika hofu ileile ya sumu. Siku ile alikula majani yaliyochaguliwa na mwanamke aliyemchukia, yakapikwa na mtoto aliyemwogopa, na hakuna aliyeonja kabla yake.

Nilimwuliza kwa nini, Jumamosi zote zile, hakuniambia kwamba shangazi ananidanganya. Alikuwa anamwogesha mjukuu wake, na hakuinua hata kichwa.

"Kama mimi nasema shangazi yako iko muongo," akajibu, "hiyo jioni wewe nalala kwa nani?"