Balozi wa Ukarimu

Dada yangu alizaliwa msimamizi. Utotoni, mama akitutuma kuosha vyombo, yeye hakuosha. Alisimama mlangoni akiamua nani asugue na nani asuuze. Sufuria ikibaki na masizi, aliyegombezwa ni aliyesugua. Ukubwani akaongoza duka la viatu kwa miaka mingi, mpaka mwenye duka alipofariki na wanawe wakageuza jengo kuwa vyumba vya kupangisha. Tangu hapo alikuwa akiamka alfajiri, anaoga, anavaa kama wa kwenda kazini, kisha anakaa sebuleni na mkoba mapajani.

Supamaketi mpya karibu na kituo cha mabasi ilipotafuta meneja, tuliona nafasi imeshonwa kwa vipimo vyake. Mumewe, fundi friji, hakusubiri hata usaili. Aliwatangazia wateja wake wote, akaanza kumwita mkewe "bosi" kwa sauti ya kuwafikia majirani.

Walimhoji ghalani, wao kwenye viti, yeye kwenye kreti ya soda. Alirudi anang'aa.

"Kila nikijibu, wanaandika!"

Wiki iliyofuata wakamwita tena, nikamsindikiza. Ofisa utumishi alikuwa kijana mwenye tai nyembamba na tabasamu pana.

"Mama, umepita matarajio yetu yote."

"Asante, mwanangu."

"Kwa uzoefu huo, tumeona umeneja utakubana."

Tukatazamana. Sijawahi kusikia nguo inayombana mtu kwa kuwa ni kubwa.

"Tumekuundia nafasi maalumu: Balozi wa Ukarimu. Utakaribisha wateja mlangoni, utaangalia risiti wakitoka, na toroli zikizagaa utazikusanya."

"Ni kazi ya kukaa au ya kusimama?"

"Ya kusimama, mama. Lakini kwa heshima."

"Na meneja ni nani?"

Akakohoa. "Mpwa wa mkurugenzi. Bado anajifunza. Tungefurahi sana ukiwa unamwelekeza."

Dada aliomba siku moja ya kufikiri. Jioni kikao kikakaa sebuleni kwake.

"Kubali, bwana!" shemeji alisema. "Balozi si mtu mdogo. Anapanda gari lenye bendera."

"Langu mimi ni toroli, na nalisukuma."

"Mkono mtupu haulambwi, mwanangu," mama akasema.

"Kuna mikono inajaa halafu inanuka, mama."

Shemeji alijikuna kisogo, na hapo ndipo tulipojua kinachomsumbua. "Sasa mimi nitawaambia nini watu?"

"Waambie ulitangaza wewe. Mimi nilikwenda kuhojiwa tu."

Kesho yake alirudi kwa ofisa. Nilikuwepo, na nilimwona akikaa wima kama anayekagua hesabu za duka lake.

"Mnataka kichwa changu kwa bei ya miguu," alisema. "Chagueni kimoja. Nikimfundisha huyo kijana, mnilipe kama meneja."

"Bajeti ya kichwa hatuna, mama."

"Ya miguu?"

"Hiyo ipo."

"Basi mtapata miguu."

Nilidhani atasusa. Akasaini. Kukaa sebuleni umevaa viatu nako kunachosha.

Nilipita pale baada ya mwezi kununua sabuni. Dada alikuwa mlangoni, ameandikwa kifuani jina la cheo chake kwa herufi za dhahabu. Mpwa wa mkurugenzi akaja mbio, shati limemtoka kwenye suruali.

"Mama, nisaidie! Lori la maziwa limefika na friji zote zimejaa. Nianze na nini?"

"Karibu sana, meneja," dada akasema, akatabasamu vizuri kabisa kama alivyoajiriwa kufanya.

Kijana alisubiri. Hakuna kilichoongezeka. Akageuka, akakimbilia ndani, na baada ya muda tukasikia makreti yakianguka. Dada alifumba macho. Namjua: alikuwa ameshayapanga yale maziwa yote kichwani, na kunyamaza kulikuwa kunamuuma kuliko miguu.