Hayawahusu Agoma Mlangoni

Mbwa wetu anaitwa Hayawahusu, na kabla hujacheka ngoja nikueleze.

Nyumba yetu iko Mlingotini, na nyuma yake kuna shamba: migomba, minazi michache, mihogo. Ngedere walikuwa wanatumaliza. Mume wangu Bwanausi akasafiri hadi Chalinze, akarudi na kibwa ndani ya boksi la biskuti. Basi maneno yakaanza. Ati nyumba ya watu wanaoswali, mbwa wa nini? Ati malaika wataingilia wapi? Bwanausi si mtu wa kujibizana. Alichofanya ni kumpa mbwa jina, na kila jioni akasimama uani akiita kwa sauti yote aliyojaliwa, "Hayawahusu! Hayawahusu, njoo ule!" Majirani wote wakawa wanapata jibu lao pamoja na chakula cha mbwa.

Mie nilikubali kwa sharti moja, kwamba kizingiti changu asikivuke. Mbwa wa kulinda shamba dini haijamkataza, lakini ulimi wake na mkeka wangu wa kuswalia wasikutane. Sheria hiyo niliiweka kwa ufagio, kwa kandambili, na kwa mdomo wangu, ambao mwenyewe najua ni mkali. Miaka kumi na mmoja hakuvuka. Mlango ukiwa wazi, samaki wakiwa mezani, hakuna mtu, anakaa nje anameza mate tu. Nilikuwa najisifia hata kwa wenzangu tunaolima nao mwani, nawaambia mbwa wangu ana adabu kuliko watoto wenu.

Sasa nisikilizeni, maana hili nilikuwa sijamwambia mtu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, saa saba mchana, nilikuwa jikoni nakaanga samaki. Hayawahusu akaja mlangoni akabweka. Nikamrushia kandambili. Akaenda, akarudi, akabweka tena kwa fujo. Nikamrushia ya pili na maneno ambayo siyarudii hapa. Nikageuza samaki wangu, nikaepua, nikatia wengine. Mara ya tatu hakubweka. Alilala nje, kidevu juu ya kizingiti, analia. Nikatoka na ufagio nimchape, naye akatangulia mbele, anakimbia, anageuka kunitazama, mpaka migombani. Bwanausi alikuwa chini, mdomo umekwenda upande.

Kiharusi. Kule hospitali daktari akauliza, "Ameanguka saa ngapi?" Nikasema, "Sasa hivi tu." Muongo mkubwa mimi! Tangu mbwa abweke mara ya kwanza nilikuwa nimemaliza kikaango kizima na kuanza cha pili. Mguu wake ulirudi, mdomo ukarudi, mkono wa kushoto haukurudi. Daktari akasema katika ugonjwa huu hata nusu saa ina maana. Aliyasema hayo bila kujua anamwambia nani, na mie tangu siku ile sikupata usingizi wa mtu mzima. Nalala, naamka, nakagua komeo la mlango, nachungulia kama anapumua, narudi kitandani. Kila nikimwona anavaa shati kwa mkono mmoja, nasema leo atajua.

Binti yetu Wahida anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja milimani huko Lushoto. Wafanyakazi wanaruhusiwa kuwaleta wazazi siku mbili kwa mwaka. Mwezi wa saba akapiga simu: baba aje apumzike, daktari si alisema apumzike? Bwanausi akasema haendi popote bila mbwa. Alipolazwa zile siku nne Hayawahusu hakugusa chakula, akabaki mbavu tupu, na hilo lilimuuma kuliko sindano.

"Baba, mlete," Wahida akasema. "Hoteli yetu inapokea mbwa."

Nilidhani anatania. Mbwa, hotelini! Lakini Mikdad, mumewe Wahida, akaja kweli na pikapu yake, tukaondoka alfajiri. Msata, Segera, Mombo, halafu zile kona za kupanda mlima ambazo nilizipita nimefumba macho nikisoma kila dua niijuayo. Mbwa nyuma, chini ya turubai, Bwanausi anageuka kila dakika kumwangalia. Na mie nageuka kumwangalia Bwanausi.

Wahida akatupokea getini. "Shikamoo baba, shikamoo mama. Na wewe Hayawahusu, habari za safari?"

Jamani, nimeona mambo. Bustanini kulikuwa na mbwa mweupe, mdogo, amevaa sweta. Sweta ya kufumwa, ya rangi mbili! Mie mwenyewe sweta sikuwa nayo, natetemeka ndani ya khanga zangu, mbwa wa watu anapita na joto lake.

Chumba kilikuwa kizuri, sina la kusema. Kitanda kikubwa, bafu lina maji ya moto, na pembeni godoro dogo la mbwa na bakuli lake. Wahida, mtoto ana akili, alikuwa ametandika mkeka mpya upande wa pili kabisa, mbali na godoro hilo. Akatueleza utaratibu: mbwa haachwi nje peke yake, analala na mwenyewe chumbani. Mie nikaendelea kufungua mizigo. Nilikuwa nimeapa njia nzima kwamba siku mbili hizi sitagombana na mtu.

Basi Hayawahusu akafika mlangoni, akakaa.

Bwanausi akaingia ndani, akapiga ule mluzi wake. Mbwa akatikisa mkia, hakuinuka. Mikdad akavuta kamba. Mbwa akajikaza, akanguruma, Mikdad akaiachia haraka. Mama mmoja wa hotelini, Mardhiya, Msambaa mcheshi, akaleta nyama akaiweka katikati ya chumba. Mbwa akaitazama ile nyama, akanitazama mimi, akameza mate. Watu wakacheka. Mie sikucheka.

Ilipokaribia saa kumi na moja ukungu ukashuka, na manyunyu yakaanza, yale ya milimani yasiyo na sauti lakini yanalowesha mpaka mfupa. Baraza ilikuwa fupi, mvua inaingia. Bwanausi akaburuta kiti kwa mkono wake mmoja, akakiweka nje karibu na mbwa, akakaa.

"Baba, ingia," Wahida akamsihi. "Baridi hii si nzuri kwa presha yako."

"Mwenzangu yuko nje."

"Atazoea, baba."

"Akizoea nitaingia."

Wahida akanigeukia mie. "Mama, kwani huyu mbwa kafanywa nini? Mbona anauogopa mlango hivi?"

Nikasema sijui. Nikaingia bafuni, nikafungua bomba, nikalifunga. Nikakunja khanga, nikaikunjua. Nikaenda dirishani. Midomo ya Bwanausi ilikuwa inatetemeka, mkono wa kushoto umelala mapajani, hauna hata nguvu ya kujikunyata. Na Hayawahusu kando yake, maji yanamchuruzika masikioni, macho yake hayako kwa Bwanausi wala kwa nyama. Yananitafuta mimi. Nikaona wazi kabisa: mume wangu ataanguka mara ya pili, na mlango ni ule ule, na mwenye mlango ni mie.

Nikaufungua mlango wote wazi. Nikasema, "Hayawahusu."

Miaka kumi na mmoja sikuwahi kumtaja jina. Nilikuwa nasema "We!" na "Toka!" basi. Akainua kichwa. Akanitazama mkono wa kulia, kisha wa kushoto, anatafuta kandambili. Wallahi niliona haya mbele ya mnyama. Nikakaa chini sakafuni, mie na magoti yangu haya, nikamfungulia viganja vitupu.

"Pita," nikamwambia. "Pita ndani, mwanangu. Nimekuruhusu."

Akaweka mguu mmoja juu ya kizingiti, akauondoa. Akauweka tena. Akafumba macho, anasubiri kipigo, na akiwa amefumba hivyo hivyo akaingia, mguu wa pili, wa tatu, wa nne, mpaka pua yake ikafika mkononi kwangu. Akanilamba kiganja. Sikuuondoa mkono.

Bwanausi akainuka kitini, akaingia nyuma yake. Wahida akamfunika blanketi, akakimbilia jikoni kutafuta chai ya tangawizi, Mikdad akamfuata. Tukabaki wawili, na mbwa anajikung'uta, anachafua kila kitu.

Mate ya mbwa yana utaratibu wake wa kujitoharisha: kunawa maji saba, moja likiwa la udongo. Nikatoka barazani, nikachota udongo kwenye chungu cha maua cha hoteli, watanisamehe, nikaingia bafuni. Bwanausi akanifuata. Akachukua kopo kwa mkono wake mzima.

"Lete nikumiminie," akasema.

Akamimina la udongo. "Moja." Nikasugua. "Mbili." Alikuwa anamimina taratibu, bila haraka, kama anavyofanya kila kitu. Akamimina la tatu, nikashindwa.

"Bwanausi," nikasema. "Siku ile uliyoanguka, Hayawahusu alikuja mlangoni mara mbili kabla sijatoka. Nilimfukuza. Nilimrushia kandambili nikaendelea na samaki wangu. Daktari nilimdanganya. Na wewe nimekudanganya."

Kopo likasimama hewani. Sikuweza kumtazama usoni, nikatazama tundu la maji pale chini.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Migombani si mbali, Mwaija. Nilikuwa chini, sauti haitoki, lakini masikio yalikuwa mazima. Nilikusikia ukimfukuza mara ya kwanza. Nikakusikia mara ya pili."

Miezi sita. Nimemlisha, nimemvisha, nimemgombeza kwa kumwaga uji, na yeye alikuwa analijua, hakulitaja hata siku moja. Nililia kwa sauti, wala sikujali kwamba ni hotelini. Nilitaka kumshika, nimshike ule mkono wake wa kushoto niubusu, lakini wangu ulikuwa bado haujatoharika, nikabaki nimeunyoosha pale hewani, unadondosha maji.

Bwanausi akachota tena.

"Lete mkono," akasema. "Bado manne."