Taa Inayotaka Mtu Atembee

Mume wangu Eligio ni mbishi, na tangu apate kiharusi ubishi ndio kiungo chake chenye afya kuliko vyote. Daktari alimwambia asipoufanyisha kazi mguu wa kushoto utakauka, ataishia kitandani. Akaitikia vizuri kabisa, halafu akajikalia kwenye kiti cha magurudumu, mkongojo aliopewa ukining'inia nyuma ya kiti. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimemnunia. Wapi!

Alichokubali ni kusukumwa jioni hadi bustani ya mtaa wetu hapa Bonao, Jamhuri ya Dominika, akacheze domino na rafiki yake Tatico na wenzake. Taa za zamani za bustani zilikula umeme mpaka halmashauri ikaacha kuziwasha. Mwaka huu wamefunga za sola, nazo zinajua kubana matumizi: mtu akipita njiani zinang'aa, asipopita zinafifia. Sasa wacheza domino wapite saa ngapi? Wamekaa kama mizigo, wanagonga kete mezani tu. Ikawa kila mara giza, na kila mara mtu anyanyuke akakanyage njia. Wakapeana zamu, ila Eligio wakamruka.

"Wewe una gari, bwana," Tatico alimwambia. "Kaa tu, tutatembea kwa niaba yako."

Eligio alicheka nao, lakini nyumbani hakugusa hata ndizi zake za kuponda. Nilijua limemchoma.

Jumamosi niliwapelekea kahawa. Eligio alikuwa amebakiza kete moja, ya ushindi, anatabasamu peke yake. Taa ikafifia. Zamu ilikuwa ya Tatico, naye akakunja mikono.

"Sioni kitu, shemeji. Tuvunje mchezo, tuanze upya."

Mlaghai yule! Nusura nimmwagie kahawa. Nikaweka sinia chini niende njiani mwenyewe, Eligio akanishika mkono.

"Nipe mkongojo," akasema.

Akainuka. Mguu ukaburuta, akayumba, nikauma midomo nisipige kelele. Alipokanyaga njia taa ikawaka. Tatico akakubali kwamba ameshindwa, akamwita arudi alaze kete yake.

Eligio hakugeuka. Akaiendea taa ya pili, nayo ikawaka. Akashika njia ya kwenda ya tatu, jasho linamtoka. Nikamkimbilia, nikamwambia inatosha, ataanguka.

"Basi njoo tuanguke wote," akasema, wala hakusimama.

Nikamshika kiwiko tukaenda, mimi nalia, na sikujali nani ananiona.