Kitasa Kilichofungwa Nikiwa Edani

Kitasa chenyewe sikichukii, nianze na hilo. Watu wanaokuja kwangu hapa Handeni wakikiona kile kidude cheusi chenye namba mlangoni huniuliza mbona sijaking'oa mpaka leo, baada ya yote yaliyonipata. Nawajibu kwamba kitasa hakijanikosea kitu. Kinafanya kile kilichoambiwa, na aliyekiambia ni mtoto niliyemwogesha kwa mikono yangu.

Si mtoto wa kumzaa. Mungu hakunijalia, na nilishaacha kumuuliza kwa nini. Ni mdogo wake mume wangu, kitinda mimba wa kwao, aliyeletwa kwetu na mama yao akiwa na miaka saba ili asome shule ya mjini. Alikuja na kaptula moja na mapunye kichwani. Nilimnyoa, nikampaka dawa, nikamlisha. Mbele za watu aliniita shemeji, lakini akiwa na njaa, tuko wawili jikoni, aliniita mama. Akasoma, akamaliza, kaka yake akamfungulia duka la vifaa vya ujenzi Korogwe, likashika. Sisemi haya nipate kusifiwa, maana sifa hazinisaidii kitu sasa. Nasema ili ijulikane niliyekuwa namwamini ni nani.

Nyumba tuliijenga mimi na mume wangu. Tofali tulichoma pamoja, na maji ya kufyatulia nilibeba kichwani msimu mzima. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwoga wa wezi kupita kiasi. Madirisha yote aliyatia nondo nene, na mlango wa nyuma wa jikoni akauwekea komeo la chuma la kufungwa kwa ndani, zito hilo, mpaka ulifungue uwe umekula. Nilikuwa nikimtania kwamba siku moto ukiwaka tutaiva humo ndani kama mihogo. Alikuwa anacheka, kisha anakwenda kulitia komeo mafuta.

Alipofariki, nyumba ilijaa watu siku tatu. Siku ya mwisho ya matanga simu ya marehemu ikapotea, ilikuwa juu ya kabati na mara haipo. Shemeji yangu akakasirika sana, akasema kaka yake aligawa funguo ovyo, kwa fundi wa bati, kwa wapangaji wa zamani, nani anajua ziko ngapi huko nje. Akasema hatakubali mimi nilale kwenye nyumba ambayo mji mzima una funguo zake. Dukani kwake wanauza vitasa vya kisasa, vya namba, visivyotaka ufunguo, na yeye atamleta fundi aje anifungie kimoja. Nililia. Nilijisemea, huyu kweli ndiye mwanangu.

Wakati huo nilikuwa nimeshakaa eda. Kwa asiyejua, mke wa Kiislamu aliyefiwa hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, hajipambi, na haonani na wanaume wanaoweza kumwoa. Shangazi yangu alikuja kutoka Kwamsisi kunikalia, mwanamke aliyekula chumvi nyingi na asiyependa mzaha katika mambo ya dini. Nilipomwambia shemeji si mtu wa kujificha, nimemlea mwenyewe, akaniambia hata ungemlisha kijiko kwa kijiko, huyo si maharimu wako, anaweza kukuoa kesho. Basi ikawa shemeji akija anakaa sebuleni kwenye kiti, mimi niko chumbani, pazia limeshushwa kati yetu. Tukazungumza hivyo miezi yote.

Siku ya kufunga kitasa nilisikia tu mlio wa keekee ikitoboa mlango. Fundi alikuwa Msambaa, nilimjua kwa lafudhi, kijana mpole aliyenisalimu shikamoo mama kupitia pazia na kunipa pole. Alipomaliza, shemeji akaja karibu na pazia akanieleza. Kwa ndani unashusha mkono wa kitasa tu, mlango unafunguka. Ukitoka, unajifunga wenyewe. Kwa nje unabonyeza namba nne.

"Namba yako nimeweka mwaka ulionipokea," akasema. "Ule mwaka mama aliponileta. Hiyo huwezi kuisahau, shemeji."

Nilishika pazia nikamwombea dua. Baadaye nilijuta sana kwa ajili ya lile pazia, maana uso wake ninaujua. Akiwa mdogo akidanganya alikuwa anakunja mdomo upande mmoja, na ningeuona pale pale. Lakini nilisikia sauti tu, na sauti ilikuwa tamu.

Sasa hapa ndipo wanawake wenzangu wanaponicheka, na wana haki. Miezi minne na siku kumi sikuijaribu namba ile hata mara moja. Ningeijaribu saa ngapi? Mimi sitoki. Shangazi akienda sokoni, mimi nipo ndani, akirudi anabisha hodi namfungulia huku nimejibanza nyuma ya mlango. Majirani wakija kunifariji, shangazi anawafungulia. Mlango ule ulifunguliwa kutoka ndani kila siku ya Mungu, na kwa nje hakuna kidole kilichowahi kuugusa. Namba nilikuwa nayo moyoni, naihesabu kama tasbihi.

Na yeye hakuacha kuja. Kila baada ya wiki mbili alitoka Korogwe na sukari, mchele, sabuni. Alikaa upande wa pili wa pazia akanisimulia habari za duka, za wateja wasumbufu, za mkewe aliyekuwa na mimba, tukacheka mpaka shangazi akatukoholea. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikajiona nang'aa.

Eda ikaisha. Asubuhi wanawake wa mtaani walikuja, wakaniogesha, nikavaa gauni jipya la rangi ya maji ya kunde ambalo shangazi alilishona kwa siri. Tukasoma dua, tukanywa chai na maandazi, na ikaamuliwa nitoke nikapite nyumba za majirani kuwashukuru waliokuja msibani. Nakumbuka nilivyofurahi, na furaha ile naionea aibu mpaka leo. Nilikwenda jikoni nikalisukuma lile komeo la mume wangu mpaka mwisho, nikajaribu kulitikisa, likatulia. Tukatoka mlango wa mbele. Nyuma yangu ukajifunga, ukalia mlio mdogo. Shangazi akasema makubwa haya, mlango unaaga.

Tulirudi kabla ya adhuhuri, wanawake kama saba hivi, wengine wamebeba kuku na mchele niliopewa. Nikaenda mbele kwa maringo kidogo, niwaonyeshe. Nikabonyeza mwaka wangu. Taa ikawaka nyekundu. Nikabonyeza tena polepole, namba moja moja. Nyekundu. Jirani mmoja akasema labda vidole vina mafuta ya maandazi, nikavifuta kwenye kanga. Mara ya tano kitasa kikalia kwa mfululizo, kikazima, wala hakikuwaka tena hata nilipokibonyeza kwa hasira.

Nikampigia shemeji. Hakupokea. Nikapiga tena na tena, nikiwa nimesimama mlangoni kwangu na kundi la watu nyuma yangu, kuku anapiga kelele. Alipopokea hakunisalimu. Mtu ambaye hajawahi kukosa shikamoo yangu tangu ana miaka saba.

"Shemeji," akasema, "eda si imeisha? Nenda kwanza Kwamsisi kwa ndugu zako ukapumzike. Nyumba kuna mtu nimeshazungumza naye, ataingia mwezi ujao. Nguo zako nitakutolea."

Nikamwambia mlango umekataa namba. Nilikuwa bado sijaelewa. Nilidhani tunazungumzia mlango.

"Ndiyo," akasema. "Najua."

Nilikaa chini pale pale barazani kwangu na gauni langu jipya. Tukazunguka nyumba. Nondo za mume wangu hazikutikisika. Komeo la jikoni nilikuwa nimelifunga kwa mkono wangu mwenyewe, na vizuri. Watu wakaanza kunimwagia methali, asante ya punda ni mateke, kikulacho ki nguoni mwako. Nikawaambia methali zao wazitunze, zitawafaa wenyewe siku moja. Shangazi alitaka twende Kwamsisi jioni ile ile. Nikamkatalia. Nikienda, nimeshahama. Nililala kwa jirani wa mkono wa kulia, au niseme nililala macho.

Usiku kucha nilikuwa namtafutia sababu. Nilijiambia amebadilika juzi juzi, mkewe amemjaza maneno, au biashara imeyumba, shetani amempitia wiki hii. Nilijiambia ameifuta ile namba jana. Maana kama ameifuta jana, basi ile miezi minne bado ni yangu, na vicheko vya pazia ni vya kweli. Hilo lilinikaa rohoni kuliko nyumba. Nyumba mtu anaweza kukosa akaishi.

Asubuhi mwenyekiti wa mtaa, anayejua vizuri nyumba ile ilijengwa na nani, akaita fundi kwa namba ya simu iliyobandikwa pembeni ya kitasa. Akaja yule yule Msambaa kutoka Korogwe, na begi lake la vifaa. Shikamoo mama, pole na msiba. Mwenyekiti akamweleza habari yote mbele ya majirani. Kijana akawa ananitazama mimi, anatazama mlango, ananitazama mimi. Kisha akabandua kifuniko kidogo chini ya kitasa, kuna tundu la siri la ufunguo, akalitoboa kwa keekee. Mlango ukafunguka. Sikuingia kwanza.

"Namba yangu aliifuta lini?" nikamuuliza.

Fundi akashusha macho. "Mama, yako haikuwahi kuwekwa. Siku ile niliweka namba ya kwake na alama ya kidole chake. Nikamuuliza, na mama naye tumwekee namba gani? Akaniambia mama hahitaji, hatoki."

Wala sikulia. Nilimshukuru, nikamwambia aingie anywe chai. Lakini ndani yangu kitu kilikuwa kimeshahesabu: wiki ya kwanza. Udongo wa kaburi la kaka yake haujakauka, amesimama upande wa pili wa pazia, ananipa mwaka niliomnyoa mapunye kama zawadi, naye anajua hauko popote. Na baada ya hapo akaja kila wiki mbili kuhakikisha bado niko ndani. Sukari ile yote niliikoroga nikainywa.

Kijana hakutaka malipo. Alifuta kila kilichokuwa kwenye kitasa, akaniambia sasa ni changu, nichague namba mpya, nisimwambie mtu, hata yeye. Akageuka akatazama barabarani mpaka nilipomaliza.

Ukoo wa mume wangu ulikaa kikao. Wazee walikasirika, au walionyesha kukasirika, wakasema mjane hafukuzwi, na mirathi itagawanywa kwa sheria kila mtu apate fungu lake. Kichekesho ni kwamba fungu kubwa lilikuwa lake hata hivyo, maana sina mtoto, na kwao amebaki yeye tu. Na fungu langu nalo lingemfikia nikifa. Ningempa nani mwingine? Angeniomba ningempa nikiwa hai, ningehamia chumba cha uani na kumlelea mtoto wake. Mwisho wa kikao wazee wakaniambia msamehe, ni mwanao huyo. Nikasema aje basi, mlango anaujua.

Akaja Ijumaa baada ya sala. Nilikuwa sebuleni peke yangu, pazia nimeshalitoa nikalichana madekio. Nilisikia hatua zake barazani, nazijua. Hakubisha hodi. Nikasikia anabonyeza namba yake mwenyewe, haraka haraka kama mtu asiye na shaka, na kitasa kikamkatalia. Akabonyeza tena.

"Shemeji," akaita. "Kitasa kimekataa."

"Weka ile uliyonipa mimi," nikasema.

Siku ile fundi aliponiambia nichague namba mpya, sikuchagua mpya. Niliweka ule ule mwaka alioniambia. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuwe na mahali pamoja duniani ambapo maneno yake yangekuwa kweli. Kwa hiyo alikuwa amesimama mlangoni, na mlango ulikuwa unamngoja yeye tu. Nikasimama. Nilishajiambia akiiweka nitamtandikia mkeka, nitampa chakula, na sitauliza neno.

Nilisikia mfuko wa nailoni ukibadilishwa mkono.

"Ipi hiyo?" akauliza. "Nilikupa namba mimi?"

Hakuwa ananidhihaki, sauti yake ninaijua. Alikuwa anauliza kweli. Nikamwambia sukari aiache hapo barazani, awahi stendi, magari ya Korogwe yasije yakamwacha.