Kidole Gumba cha Mpiga Hesabu

Mpiga hesabu wa kibanda cha simu hahitaji kikokotoo. Ukimletea video yako ujue matangazo yameingiza nini, hufunika tarakimu tatu za mwisho za watazamaji kwa kidole gumba, kisha hukizidisha kilichobaki kwa malipo ya kila watazamaji elfu, huku akipiga mluzi. Jana alikuja bibi anayerekodi kuku wake: watazamaji mia tisa tisini na sita. Gumba likafunika zote. Mluzi ukakatika. Akawageukia wanne waliokuwa kwenye foleni.

"Simhesabii mtu hapa mpaka kila mmoja awatazame kuku wa bibi. Na matangazo msiruke!"

Wakatazama, wamenuna. Akafunika tena, pembeni ya gumba ikachungulia moja.

"Umeingiza, bibi!"

"Basi toa kidole," bibi akamkazia macho, "nizione na hizo ulizonificha."