Walionionyesha Mipaka ya Jumba la Mpolandi

Wapo watakaosema nilikuwa nimelewa. Pombe sigusi, muulize yeyote pale mwaloni Igogo, boti zinaposhushia samaki. Shule niliishia darasa la nne, lakini nilifika kumiliki boti saba za sangara kwa jasho langu, na mtu wa namna hiyo hana muda wa kutunga hadithi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa saba mchana, jua linawaka.

Mbele kidogo ya Nyegezi, ufukweni, kuna jumba la zamani. Alilijenga Mpolandi mmoja aliyeletwa huku wakati wa vita vya Wazungu, akabaki. Alilijenga kama la baba yake kwao: nguzo nne nene barazani, na paa lililosimama wima ili theluji iteleze. Theluji, Mwanza? Baadaye likawa la Mhindi wa pamba, halafu la meneja mmoja wa ushirika. Meneja alipofariki, binti yake akaniuzia mimi. Niliuza boti nne nilinunue, nilibomoe, nijenge hoteli.

Sasa, huku kwetu ukinunua ardhi unaonyeshwa mipaka. Muuzaji, mwenyekiti wa mtaa na majirani, mnazunguka wote kona kwa kona. Tulipanga Jumamosi. Mimi kwa kiherehere changu nikaenda Alhamisi, peke yangu.

Getini nikamkuta mzee wa Kizungu, kofia ya ukindu kichwani. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaendelea kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko changu: nimekuja kuonyeshwa? Basi twende. Nikajua ni padri mstaafu. Tukafuata ua wa minyaa, ananieleza alivyoipanda kwa mkono wake, mpaka kona ya kwanza. Hapo palikuwa na Mhindi amekaa juu ya jiwe.

"Upande wangu umeishia hapa," Mzungu akasema. "Huyu atakupeleka."

Mhindi akanipeleka kona ya pili, njia nzima analalamika kwamba paa lile lilimmalizia mbao. Kona ya pili akanipokea bwana mmoja, suti ya Kaunda ya kijivu, kalamu tatu mfukoni. Moyoni nikasema, madalali wa mji huu wamezidi, kiwanja kimoja watu watatu. Akanifikisha kona ya tatu, akasimama.

"Kutoka hapa hadi getini ni upande wako."

"Nani ananipeleka?"

"Utampeleka wewe, huyo atakayekuja."

Nikacheka. "Mzee, hapa haji mtu. Mimi siuzi, nabomoa."

"Hata mimi nilisema siuzi."

Nikageuka kuangalia geti. Niliporudisha macho, hayupo. Niamini, pale ni uwazi mtupu, hata kuku hana pa kujificha.

Jumamosi nikawatangulia wote kwa majigambo, nawaonyesha mimi. Kila kona nikafukua nyasi pale nilipoonyeshwa Alhamisi, jiwe la mpaka hili hapa. Mwenyekiti akaniuliza, "Bosi, haya mawe sisi wenyewe hatuyajui. Nani kakuonyesha?"

"Madalali wa dada hapa. Yule wa mwisho ana suti ya kijivu na kalamu tatu."

Yule binti akaweka pochi yake chini, taratibu. "Kaka, suti hiyo nilimvalisha mimi marehemu baba. Na kalamu nilizipanga mwenyewe, ndani ya jeneza."

Upande wa nne hakuna aliyeupita. Walirudi walikotoka.

Kubomoa sikuthubutu tena. Nikaona niuze, angalau boti zangu zirudi. Mwezi uliopita mteja kutoka Geita akanipigia kwamba ameshafika pale. Mimi nilikuwa stendi Nyegezi nasubiri mzigo, nikamwambia asubiri kesho, tuje na mwenyekiti. Jioni akapiga tena.

"Bosi, asante kwa kunitembeza. Wasalimie wale wazee watatu. Ila wewe, mbona hukutaka kunipa mkono?"

Nilikaa chini palepale, katikati ya mabasi, watu wananishangaa. Mimi ni mzima. Nakula, naumwa mgongo, nagombana na mke wangu. Sasa aliyemtembeza ni nani?

Jumba ninalo mpaka leo, na simuuzii mtu. Wewe unayetafuta kiwanja, usiende kuonyeshwa mipaka bila mwenyekiti na majirani. Na ukipita pale ukanikuta nimesimama kwenye kona ya tatu, hata nikikuita kwa jina, usinifuate. Nipigie simu kwanza, usikie niko wapi.