Siku Nilipokabidhi Kitambulisho cha Momanyi

Asubuhi yangu ya kwanza kazini, nikiwa naibu wa chifu katika kata ndogo moja karibu na Keroka, sikuhudumia mtu hata mmoja. Nilikabidhiwa ofisi. Mtangulizi wangu alinionyesha muhuri, bendera, benchi la wageni na kabati lililogoma kufungika, huku Bwana D.O., mkubwa wetu wa tarafa, akisimamia. Kila kitu tulikigusa kwa mkono kabla ya kutia sahihi.

"Kijana," D.O. akaniambia, "usizoee kusema ofisi yangu. Umeshikilia tu. Kuna mwingine atakuja."

Alikuwa mkali kama pilipili, lakini nilimpenda. Nilipopanda cheo kuwa chifu, nilimwambia hivyo hivyo naibu wangu.

Miongoni mwa mali tuliyotunza ni vitambulisho ambavyo wenyewe hawajaja kuvichukua. Mtu akishaomba na kuchukuliwa alama za vidole, kitambulisho huletwa kwa chifu, wala hapewi mwingine ila mwenyewe. Cha Momanyi kilipofika, kijana alikuwa ameshakwenda Nairobi kutafuta kazi. Simu yake ikazimika. Mama yake hakumsikia tena.

Kila siku ya soko, mama huyo alitua kikapu chake cha ndizi mlangoni pangu.

"Chifu, hiyo kitambulisho bado iko?"

"Kipo, Mama Momanyi."

Nilimpa akishike, akakipangusa kwa leso, akanirudishia. Siku moja nilijitolea kumtolea kopi aende nayo nyumbani. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Ya nini? Sura yake naijua. Nataka hii ibaki hapa. Ikiondoka, omwana one atarudi kuchukua nini?"

Mwanangu, ndivyo alivyomwita kwa Kigusii. Sikutaja kopi tena.

Kisha zamu yangu ya kustaafu ikafika. Aliyenirithi ni Chifu Kerubo, mwanamke kijana asiye na maneno mengi, na msimamizi wetu akawa Kamishna Msaidizi, cheo kilichochukua nafasi ya D.O. Tulipofika kwenye vitambulisho, Kamishna akasema, "Vyote vya zamani virudi kwa msajili, Nyamira."

Moyo ulinipasuka. Kukificha kimoja kungekuwa wizi, kwa hiyo nikawaeleza habari ya yule mama.

"Mzee, nakuhurumia," Kamishna akasema, "lakini agizo ni agizo."

Kerubo alikuwa amekishika kile cha Momanyi, akiitazama picha. "Bwana Kamishna, nipe nafasi nimtafute huyu kijana kwanza. Natia sahihi kwa jina langu. Mtu akiuliza, aniulize mimi."

Kamishna alikuna kichwa, akakubali. Mimi nikajifanya nina mafua, nikatoa kitambaa.

Siku ya soko iliyofuata nilimsindikiza Mama Momanyi, nikakaa kwenye benchi kama raia mwingine yeyote. Kerubo alimpa kitambulisho kabla hajaulizwa. Mama alikishika, lakini macho yake yalikuwa kwa chifu mpya, yakimpima toka kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndio chifu sasa? Utakaa hapa miaka ngapi?"

"Mingi, Mama. Ndiyo nimeanza tu."

"Mbuya mono!" Alishukuru kwa Kigusii, akashusha pumzi. "Huyu mzee alikuwa amenitia wasiwasi. Naona nywele inakuwa nyeupe, nauliza Mungu, huyu akitoka, Momanyi atakuta nani?"

Tulicheka sote, mimi nikicheka na kufuta machozi. Miaka yote nilidhani ni mimi ninayemhurumia, kumbe naye alikuwa akiniangalia ninavyozeeka.

Sasa nachuma majani chai. Sidanganyi, hamu ya kazi ninayo. Lakini ninyi mnaoingia ofisini leo, mpokeeni atakayewafuata kwa moyo mweupe, maana kuna watu wanaomhitaji kuliko wanavyowahitaji ninyi. Momanyi bado hajarudi. Siku za soko mama yake hupita kando ya shamba langu na kikapu chake, akanipungia mkono bila kusimama, akiwahi kwa chifu wake.